UZI: Baba yetu aliuza ndizi gulioni katikati ya akina mama. Tumemzika Kilema, karibuni tumkumbuke

Binti wa Kilema (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najua humu tumezoea siasa na mpira, ila leo nivumilieni.

Mwezi wa nne tulimzika baba yetu kijijini Kilema, upande wa Vunjo. Alikuwa na miaka 85. Msibani ukasomwa wasifu wa marehemu ule wa siku zote: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alikuwa mjumbe wa chama cha msingi, ameacha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Mdogo wetu akakunja karatasi, watu wakapanga mstari wa kuaga. Yale yaliyomfanya awe yeye hayakuwemo, na mengine hayasomeki mbele ya padre. Nayaandika hapa.

Mzee alikuwa mkulima wa kahawa na hakuwahi kuajiriwa na mtu. Kwa wasioujua mlima: Kilema ni moja ya sehemu za mwanzo kabisa kupandwa kahawa Kilimanjaro, ilipandwa na mapadre wa misheni mwishoni mwa karne ya 19. Mzee anazaliwa 1939, KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, ilikuwa imeanzishwa tangu 1933, na kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kisicho na mibuni chini ya migomba kilikuwa kihamba cha mvivu. Daftari zetu, viatu, sare, nauli ya kwenda bweni, vyote vilitoka kwenye ile miti.

Sasa kahawa ina tabia yake. Hailipi mara moja. Unavuna, unamenya siku hiyohiyo, unavundika, unaosha, unaanika kwenye vichanja huku ukichungulia wingu, halafu unapeleka chama cha msingi wanapima na kukupa malipo ya kwanza. Ya pili yanasubiri mnada wa Moshi. Ya mwisho yanategemea kama kuna kilichobaki. Ada ya shule haijui mambo hayo, inataka Januari. Baba yetu aliishi maisha yake yote katikati ya malipo ya kwanza na malipo ya pili, na sijui alivyokuwa akilala.

Tulitangulia mabinti wanne, wa kiume akaja mwisho. Miaka ile ya mwishoni mwa sabini na themanini mtoto wa Kilimanjaro aliweza kufaulu vizuri darasa la saba na asichaguliwe, kwa sababu nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kimkoa. Ndiyo maana mlimani zilijaa shule za binafsi, za makanisa na za Jumuiya ya Wazazi. Dada yetu mkubwa alifaulu, hakuchaguliwa. Baba mdogo akamshauri Mzee aachane na habari hiyo, binti ataolewa tu, hela ya kahawa iende kwenye ng'ombe. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, wiki iliyofuata akauza ng'ombe aliyekuwa naye na dada akaenda shule.

Kitu kingine: kucha. Chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikiingia shambani unapoteza nusu ya mavuno, kwa hiyo msimu wa mvua alikuwa na bomba mgongoni, anapulizia dawa ya mrututu. Ile bluu haitoki. Kola ya shati bluu, mikunjo ya vidole bluu, hata Jumapili anapokea komunyo kucha ni za bluu. Nilipofika bweni nikaona baba za wenzangu wana kucha nyeupe nikashangaa, nikadhani hawafanyi kazi.

Chaji inakata. Nitaendelea na habari ya gulio.

Ngosha wa Misungwi

Pole sana dada, Mungu ampumzishe. Ila ng'ombe auzwe binti asome? Miaka ile? Kwetu kingeitishwa kikao cha ukoo na Mzee angepimwa kichwa. Natia nanga hapa.

Kisiki cha Mpingo

Pole mleta uzi. Hiyo ya malipo ya kwanza na ya pili umenikumbusha mbali. Sisi wa korosho tunaijua vizuri sana, wewe acha tu.

Dada wa Tabata

Pole mpenzi. Chomeka simu urudi, gulio tunalisubiri.

Binti wa Kilema

Nimerudi.

Mwaka 1999 dada yetu mkubwa, yule wa ng'ombe, alifariki. Ni ugonjwa wa miaka ile, kabla dawa hazijaanza kutolewa bure, sina haja ya kueleza zaidi. Mumewe alikuwa ametangulia. Waliacha watoto watatu: wa kike miaka tisa, wa kiume sita, na mdogo wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kwenye kikao cha baada ya matanga watu wakaanza kuwagawana. Huyu aende kwa shangazi Arusha, huyu kwa baba mkubwa, kale kadogo sijui wapi. Mzee alikuwa amekaa pembeni. Akasema wale watoto hawatagawanywa kama nyama ya mbuzi, wote watakaa kwake. Alikuwa na miaka 60.

Shida ni kwamba mama yetu alikuwa tayari anaumwa sukari, mguu mmoja umeharibika, hawezi kutoka nyumbani. Na mlimani kazi zina wenyewe. Kahawa ni ya baba. Ndizi ni za mama, na gulio ni la mama. Ukienda magulio ya kwetu utakuta wanaume wanauza mbuzi, viatu, panga, redio. Mwanaume aliyekaa chini na mkungu wa mchare mbele yake anasubiri mteja, huyo humwoni.

Halafu ikaja 2001, bei ya kahawa duniani ikaporomoka vibaya. Majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na maharage. Kilo ya kahawa haikununua hata sabuni ya kuwafulia wale watoto. Ndizi zipo shambani zinaiva, mama hawezi kuzipeleka, na mwaka huo mimi na dada zangu huku mjini hatukuwa na cha kutuma kila mwezi.

Mzee akakata mkungu, akaufunga kwa majani makavu ya migomba, akauweka kichwani. KICHWANI, wakuu. Mwanaume wa kwetu mzigo hubeba begani. Akashuka nao hadi gulioni, akakaa kwenye mstari wa akina mama.

Haya nimesimuliwa na mama mmoja aliyekuwepo, siku ya msiba. Walimcheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akamwuliza, "Mzee, umekuja kuuza au kuoa?" Akajibu amekuja kuuza, kuoa watazungumza ndizi zikiisha. Hakujua bei, akauza mkungu mzima kwa hela ya vichane vitatu, na mnunuzi akaondoka mbio kabla hajashtuka. Gulio la pili wale wale waliomcheka wakamfundisha: usiuze mkungu, kata vichane, vile vikubwa weka mbele, mteja akigeuka mwite. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa na sehemu yake pale na mtu hakai. Akichelewa wanamwekea gunia.

Alikwenda gulioni miaka mingi. Kahawa hakung'oa hata mti mmoja.

Mpare Mstaarabu

Mchaga kauza mkungu kwa hasara, hii ndiyo sehemu ngumu zaidi kuamini katika uzi mzima 😂😂

Pole sana dada. Utani tu wa jirani.

Binti wa Kilema

Mpare, kwa jinsi mlivyo wagumu kutoa hela wewe ungemnunua hata kwa hiyo bei? 😂 Asante, nimecheka mara ya kwanza tangu msiba.

Mtoto wa Tarakea

Aika sana kwa uzi huu. Nina swali la kichokozi. Baridi kali ilipoiua kahawa ya Brazil 1975, bei ikapaa hadi 1977, na sisi wa mpakani tunajua kahawa ya mlimani ilivyokuwa inapita usiku kwenda Kenya, kule walikuwa wanalipa vizuri na huku vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa tangu 1976. Mzee wako alikaa tu anaangalia?

Binti wa Kilema

Mimi nilikuwa mdogo sana. Ninachoweza kusema ni kwamba nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mwaka huo huo ikawa ya bati. Mama alikuwa akiulizwa bati zilitoka wapi anasema ni kazi ya Bwana.

Mtoto wa Tarakea

Kazi ya Bwana, naam. Bwana alipita na kwetu.

Sina Dogo

Mimi nitakuwa tofauti, mnisamehe. Kila mzee akifa anakuwa malaika. Baba yangu mimi, Machame, hela ya kahawa ilikuwa inaishia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla haijafika nyumbani. Mama ndiye alitusomesha kwa maziwa na ndizi. Siku ya mazishi yake wasifu ukasema "alikuwa baba mpenda familia." Nilitoka nje. Haya, mleta uzi, wa kwako hakuwa na baya?

Dada wa Tabata

Sina Dogo, mwache mwenzio na msiba wake jamani.

Binti wa Kilema

Hapana dada, mwache. Ni swali la haki, na pole ndugu yangu kwa ya kwenu. Mama yako anastahili uzi wake.

Mabaya alikuwa nayo. Mkono ulikuwa mwepesi tulipokuwa wadogo, sisi mabinti tulichapwa kwa mambo ambayo wajukuu wakiyafanya alikuwa anacheka. Tulimwonea wivu kwa hilo, kusema kweli. Na kwa mdogo wetu wa kiume alikuwa mgumu kupita kiasi. Kijana aliwahi kuuza mringaringa mmoja wa mbao bila ruhusa. Mti ule ulipandwa na babu yetu, ndio uliokuwa unaikinga kahawa ya upande wa mfereji. Mzee alikaa miaka bila kusema naye. Wanakaa meza moja, mmoja anamwambia mama "mwambie huyo anipe chumvi." Mama amekufa 2011 ndiyo wakaongea, siku ya kuchimba kaburi, na neno lenyewe lilikuwa la vipimo vya kaburi. Sijui hadi leo kama mdogo wangu ameshamsamehe. Msibani hakulia.

Kwa hiyo malaika hakuwa.

Sina Dogo

Nimekuelewa. Endelea.

Kucha za Bluu

Mama mdogo, nimeona uzi unazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, nikasoma mistari miwili nikajua ni wewe. Nimejiunga humu kwa ajili hii tu.

Wakuu, mimi ndiye yule wa miaka tisa. Kuna habari mama mdogo hajaisema, labda ameona aibu kwa niaba yangu. Mimi sina aibu, ni mama wa watoto wawili sasa.

Nilipovunja ungo nilikuwa darasa la saba. Bibi kitandani, mama wadogo wote mjini, na simu kijijini ni ya kupanda kilimani kutafuta mtandao. Nilijifungia kwenye banda la ng'ombe. Babu alinigongea, sikufungua. Hakuuliza mara mbili. Akaondoka, siku yenyewe ya gulio, nikadhani amekasirika.

Kumbe alikwenda kuwauliza wale akina mama wa ndizi. Jamani, mzee wa kiparokia, wa miaka sitini na kitu, anainama kumnong'oneza muuza ndizi mwenzake jambo hilo. Wakamwelekeza. Akaingia duka la dawa akasema kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, "Naomba pedi za msichana wa miaka kumi na tatu." Muuzaji akamwuliza za aina gani. Akasema nzuri.

Jioni nikakuta mfuko mlangoni kwa banda. Ndani pakiti mbili, sabuni, chupi mpya zilizonizidi ukubwa, na kichane cha ndizi mbivu. Ndizi sijui ilikuwa ya nini. Hakusema neno, si siku hiyo wala baadaye, ila kila mwezi mfuko ulikuwa pale, hadi namaliza kidato cha nne. Bei zilipopanda alikuwa anaapiza serikali peke yake, na mimi najua anaapiza kwa ajili ya nini.

Na Jumamosi alikuwa anatunyoa wote watatu chini ya mparachichi, maana shuleni nywele haziruhusiwi. Mkasi ulikuwa wa kukatia matawi ya kahawa. Ameupiga msasa, lakini ni ule ule. Kisogo changu kina alama.

Ngosha wa Misungwi

Nipo ofisini naandika barua ya mkurugenzi, machozi yanadondoka kwenye kibodi. "Akasema nzuri." Ee Mungu.

Dada wa Tabata

Chupi kubwa na kichane cha ndizi 😭😭😭 huyu mzee alikuwa wa peke yake. Mimi baba yangu hadi leo tangazo la pedi likija kwenye TV anatoka kwenda kuangalia gari.

Mwanasheria wa Mtaani

Poleni sana. Nisamehewe kuuliza jambo la kidunia mapema hivi, lakini misiba mingi ya mlimani huishia mezani kwangu: kihamba kimeachwaje? Mila inampa nyumba ya wazazi kitinda mimba wa kiume, mabinti mnarudi Krismasi kula tu. Wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Sheria watu hawaisomi, wanasomana panga.

Binti wa Kilema

Wakili, hapo ndipo alipotushangaza zaidi.

Mwaka mmoja Desemba, wote tuko nyumbani, akachinja mbuzi, mbege ikawepo ya kutosha, akawaita wazee wa ukoo, mjumbe na mwenyekiti wa kitongoji. Tulidhani anataka kuaga. Watu walipokula akasimama, akatutoa nje wote, akaanza kutembea shambani na sisi nyuma kama msafara wa Ijumaa Kuu. Nyumba na sehemu ya mbele, ya mdogo wetu. Hapo hakuna aliyeshangaa. Upande wa mfereji, wa wale yatima watatu, kwa jina la mama yao. Kipande cha juu, sisi mabinti watatu tuliobaki. Kila mpaka alikuwa ameshachimba mashimo mapema, na mche wa isale uko tayari. Akatupa kila mmoja apande wa kwake mwenyewe.

Wasio wa kwetu mjue: isale ndiyo mpaka, na isale ndiyo ya kuombea msamaha. Ukiing'oa umetangaza vita na waliokufa. Sasa nani ang'oe isale iliyopandwa mbele ya ukoo mzima, mbege ya mwenye shamba ikiwa bado mdomoni?

Baba mdogo, yule yule wa ng'ombe, mzee sana sasa, akanung'unika kwamba ardhi itaenda kwa wakwe. Mzee akamwambia, "Hela ya kahawa ilipokwenda shule ulisema hivyo hivyo." Basi, yakaisha. Halafu akatoa muhtasari ulioandikwa, watu wakatia sahihi, mhuri wa kijiji ukapigwa. Nakala ninayo.

Mwanasheria wa Mtaani

Isale NA muhtasari wenye mhuri. Huyo mzee alinikosesha kazi. Hata hivyo fuatilieni hati za kimila mapema, shahidi mmoja mmoja wanaondoka.

Kisiki cha Mpingo

Mdogo wenu wa kiume alipokeaje? Maana kwa mila ilikuwa yote yake.

Binti wa Kilema

Alipanda isale ya mpaka wake kimya. Ya kwangu shimo lilikuwa na jiwe, akaja akaling'oa kwa sururu, akaondoka. Ndiyo majibu niliyopata.

Mpare Mstaarabu

Sasa mibuni nani anaihudumia? Ile ya zamani kwa chulebuni na kutu ya majani ni kazi ya kuchosha. Ng'oeni kidogo kidogo mpande miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, inavumilia magonjwa hayo, mnapumzika na mrututu. Nasema kama mkulima, si kama jirani.

Kucha za Bluu

Babu alikuwa ameshaanza, mistari miwili upande wetu wa mfereji ni chotara. Alikuwa anaisema vibaya, eti haina adabu, inazaa ikiwa bado mtoto. Ila alikuwa anaimwagilia yeye mwenyewe kila zamu yetu ya maji, hata miezi ya mwisho akiwa na fimbo.

Mdogo wangu, yule aliyekuwa anajifunza kutembea, amerudi kijijini na ndiye anashika bomba sasa. Hilo jina langu la humu ni lake kwa haki.

Mtoto wa Tarakea

Mmezika mwezi wa nne, barabara za kwenu zilipitika? Sisi masika ya mwaka jana jeneza lilishuka kwa mabega kutoka lami.

Binti wa Kilema

Gari lilikwama kona ya mwisho. Vijana wakabeba. Akina mama wa gulio walikuwa wametangulia, walikuja na sare zao za kitenge na kila mmoja mkungu kichwani, wakaingia nayo hadi uani. Kamati ya chakula ilichanganyikiwa, ndizi zilizidi wali. Tulikula machalari, zile ndizi za kupika na nyama, hadi siku ya kuanua tanga na nyingine tukagawa jumuiya.

Nawashukuru wote. Nitajibu kesho waliouliza kwa faragha.

Ngosha wa Misungwi

Kahawa yenu mkivuna, mniwekee kilo mbili. Nalipa malipo ya kwanza na ya pili papo hapo.

Kucha za Bluu

Tumeandika, mkuu. Tunaanza kuchuma Julai, Mungu akipenda.

Mama mdogo, na wewe ukishamaliza kujibu watu: mashine ya kumenyea bati lake la ndani limekwisha, fundi wa Himo ametaja bei. Mjomba ametoa ya kwake tayari. Inabaki ya kwako.